Pedeli Zinanoa, Kusaga Sembe Ni Shughuli Nyingine

Mnoa visu wa mtaani, awe Dar es Salaam au Mombasa, hupiga stendi gurudumu la nyuma likabaki hewani, kisha mkanda ukatoka kwenye rimu hadi puli ndogo iliyoshikana na jiwe la kunolea. Tupige hesabu. Akikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, gia ya mbele yenye meno 48 na ya nyuma yenye meno 19, gurudumu linazunguka kama mara 150. Rimu ya sentimita 60 ikivuta puli ya sentimita 6, jiwe linafika mizunguko 1,500. Kasi hiyo ina bei yake: inavyopanda, ndivyo nguvu ya msukumo inavyopungua. Ndiyo maana humwoni akikandamiza panga. Analigusisha tu, cheche zinaruka, analigeuza. Akibonyeza sana, mkanda unateleza au jiwe linasimama.

Na kusaga je? Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanariadha, akikanyaga pedeli hutoa wati 75 hivi kwa muda mrefu. Mota ya kusagia ya nguvu farasi 10 inataka karibu wati 7,500, yaani watu mia wakikanyaga kwa pamoja. Anayeota mashine ya sembe ya pedeli kijijini aanzie hapo.

Mbona Guatemala wanasaga kwa pedeli? Mjini San Andrés Itzapa, shirika la Maya Pedal limekuwa likigeuza baiskeli kuukuu kuwa vinu, pampu na blenda tangu 1997. Jibu liko jikoni: mahindi ya tortilla huchemshwa kwanza na chokaa, punje zikalainika, yakasagwa yangali na maji. Kinu cha mkono kinayaweza, na pedeli zimeupumzisha mkono tu. Sisi tunasaga makavu, na unga tunautaka laini.

Arusha, kampuni ya Global Cycle Solutions ya Jodie Wu, mhitimu wa MIT, ilichagua kupukuchua mahindi. Walilenga vizuri: punje haihitaji nguvu nyingi kung'oka, kinachochosha ni vidole kurudia kazi ileile gunia baada ya gunia. Tena kifaa chao hufungwa kwenye baiskeli, kazi ikiisha kikafunguliwa, na mwenyewe akapanda kwenda kwa mteja mwingine. Mashine nyingi za Itzapa hukaa mahali pamoja, fremu imekatwa na kuchomelewa. Kwa pampu ya kisimani hiyo si hasara. Kwa nyumba yenye baiskeli moja, hiyohiyo ya madumu ya maji na gunia la mkaa, mimi nisingeisogezea msumeno.