Sauti ya Siti na Sindano ya Santuri: Uhakiki wa Namna Tunavyosikiliza

Uhakiki wa taarabu ya awali umezoea kuanzia kwenye shairi na kuishia kwenye shairi. Sauti hupewa sifa za jumla, kwamba ni nzito, imefifia au inatoka mbali, kana kwamba sifa hizo ni za mwimbaji. Makala hii inadai kuwa nyingi kati yake ni za mtambo uliotumika kupiga santuri, na kwamba mhakiki asiyezijua dhana chache za ufundi humhukumu Siti binti Saad kwa kosa la mashine.

Siti alirekodiwa Bombay mwaka 1928, miaka mitatu tu baada ya kurekodi kwa umeme kuingia katika biashara ya santuri. Wakati huo hapakuwa na kanuni moja ya uchongaji. Kwa kawaida besi ilipunguzwa ili mfuo usiyumbe ukauingilia mfuo wa jirani, na sauti za juu zikaachwa zilivyo. Kanuni ya RIAA, inayofuatwa na amplifaya za leo, ilikuja mwaka 1954. Kanuni hiyo huchukulia kwamba sauti za juu zilikuzwa wakati wa kuchonga, hivyo huzipunguza wakati wa kupiga. Santuri ya 1928 ikipitishwa humo, masafa ya hezi 5,000 hupunguzwa takribani desibeli 8 ambazo hazikuwahi kuongezwa, na besi huzidi kiasi chake. Katika masafa hayo ndimo konsonanti kama s zinamopata ukali wake. Hasara hiyo ni ya kifasihi pia: neno moja la fumbo lisiposikika, mhakiki hujaza pengo kwa kubahatisha, kisha hufasiri alichobahatisha.

Neno "usawazishaji", litumikalo kwa kazi hii, halisaidii. Humfanya msomaji adhani masafa yanalinganishwa, ilhali kinachofanyika ni kutengua alichofanya mchongaji. "Utenguaji" lingekuwa karibu zaidi na ukweli.

Suala la kasi limetiwa chumvi. Santuri iliyochongwa kwa mizunguko 80 kwa dakika ikapigwa kwa 78 hushuka karibu robo toni, na ni rahisi kuhofia kwamba maqamu yameharibika. Hayajaharibika, kwa kuwa noti zote hushuka pamoja na nafasi kati yake hubaki. Kinachopotoka ni rangi ya sauti na makadirio yetu ya kimo chake. Sindano nayo ina neno: mfuo wa santuri hizi huhitaji ncha ya karibu mikromita 75, na ncha nyembamba ya santuri za baadaye huzama chini kwenye vumbi.

Taasisi zinazogharimia uhamishaji wa santuri kwenda dijitali zidai nakala ghafi isiyotenguliwa, ikiambatana na maelezo ya sindano, kasi na kanuni iliyotumika. Nakala zisizo na maelezo hayo zitumike kusomea mashairi, zisitumike kuhukumu sauti.