Mizani ya Mwanga

Sonara akitaka kupima dhahabu huzima feni kwanza, maana upepo mdogo tu huyumbisha sahani ya mizani. Huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kundi la Steven Block lilikuwa na mizani ya mwanga wa leza, inayoyumba hata feni ikizimwa. Hewa iliyotulia nayo ina mafukuto yake, na mwali wa leza ukipita humo hupindapinda kidogo mno. Basi wakajenga kasha kuzunguka njia ya leza, wakaiondoa hewa, wakajaza heliamu, gesi inayopinda mwanga kidogo sana kuliko hewa. Mwaka 2005 wakatangaza walichokiona katika utulivu huo: polimerasi, protini inayonakili DNA kuwa RNA, ikitembea juu ya uzi wake hatua moja moja. Kila hatua ni takriban nanomita 0.34, umbali wa herufi moja ya DNA hadi inayofuata. Atomi tatu za hidrojeni zikipangwa bega kwa bega hujaza karibu nafasi hiyo.

Heliamu ile hunirudia akilini mara kwa mara. Wengine wangeridhika na mchoro wenye ukungu, wakauachia wastani ufanye kazi iliyobaki. Hawa walimsaka mchafuzi hadi wakamkuta hewani.

Chombo chenyewe, mtego wa mwanga wa leza, kina historia ndefu ya uvumilivu. Arthur Ashkin, wa maabara za Bell, alionyesha mwaka 1970 kwamba leza inaweza kusukuma na kunasa vijipira vidogo majini. Ilichukua miaka 16 zaidi kabla yeye na wenzake hawajaonyesha kuwa mwali mmoja, ukikusanywa barabara na lenzi, unatosha kukishika kijipira peke yake. Mwanga upitao ndani ya kijipira hicho, ushanga wa plastiki, hupinda, na kwa kupinda huko huusukuma ushanga kuelekea pale mwanga ulipo mkali zaidi. Ukivutwa pembeni, mwanga huurudisha kama springi: kadiri ulivyovutwa mbali, ndivyo unavyorudishwa kwa nguvu. Kwa hiyo anayejua ushanga umesogea kiasi gani anajua pia umevutwa kwa nguvu gani. Kwa kazi hiyo Ashkin alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 96.

Molekuli moja ni ndogo mno kushikwa na leza, ndiyo maana hufungwa kwenye ushanga. Fundo linalotumika sana ni biotini, vitamini ileile ya B7, inayobandikwa kwenye molekuli. Ushanga nao hupakwa streptavidini, protini inayoing'ang'ania biotini kwa namna isiyo na mfano mwingi katika viumbe. Pale Stanford walitumia shanga mbili katika mitego miwili, polimerasi na DNA yake vikaning'inia katikati ya maji bila kugusa kioo cha hadubini. Kioo kikisogea joto la chumba likibadilika, wao hakiwahusu.

Sasa nguvu ipimwe kwa jiwe gani? Kipimo cha hapa ni pikonyutoni, takriban uzito wa seli nyekundu moja ya damu, na hakuna duka liuzalo jiwe la mizani la namna hiyo. Hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi hawa. Ushanga majini hautulii kamwe. Molekuli za maji huugonga kutoka kila upande, ukatetemeka mfululizo, mtetemo aliouchunguza Robert Brown mwaka 1827 katika chembe zilizotoka kwenye chavua. Mtetemo huo ndio adui wao mkubwa, na ndio waliougeuza kuwa jiwe. Ukijua joto la maji, unajua nishati ya mtetemo. Pima ushanga unatetemeka kwa upana gani: mtego mgumu huubana, mtego laini huuachia nafasi. Ugumu wa mtego hupatikana hapo hapo. Kisha mtu makini huhakikisha kwa njia ya pili, huyapitisha maji kwa kasi anayoijua na kutazama ushanga unaburutwa hadi wapi. Majibu mawili yasipolingana, hakuna jaribio siku hiyo.

Kwa mizani ya aina hii, mwaka 1993, Karel Svoboda, Block na wenzao walimwona kinesini, protini iliyo hamali wa seli, akitembea kwa hatua za nanomita 8, sawasawa na nafasi kati ya matofali ya njia anayoikanyaga. Leza ikimvuta nyuma huendelea kusonga mbele, hadi nguvu inapofika pikonyutoni tano hadi saba ndipo anaposimama.

Ila mimi narudi kwa polimerasi. Mwaka 2006 William Greenleaf na Block waliipa viungo vinne vya kujengea RNA, kimoja wakakifanya adimu. Kila ilipofika herufi inayotaka kiungo hicho, ilisimama ikingoja. Wakarudia kwa viungo vyote vinne, wakapanga michoro ya vituo hivyo sambamba, na kutoka kwa molekuli nne tu wakaisoma DNA herufi kwa herufi, kwa kutazama mahali polimerasi ilipongoja.