KAULI YANGU: Mkutubi si bawabu wa vitabu

NILIPOKUWA shuleni, mkutubi wetu alijua kazi mbili: kupiga muhuri na kutunyamazisha. Ukimwuliza usome nini, hana habari. Ndiyo maana hadi leo wengi wetu humwona mkutubi kama bawabu tu.

Uskoti inatupa funzo. Huko, kupitia mpango wa Bookbug, kila mtoto hupewa vitabu vya bure tangu uchangani. Wakutubi nao huketi na wazazi na watoto maktabani wakiimba na kusimulia hadithi. Kelele ruksa!

Desturi hii ina mizizi. Mnamo 1741, wachimba migodi wa Leadhills walichanga pesa wakaanzisha maktaba yao. Maktaba ya kwanza ya Andrew Carnegie ilifunguliwa Dunfermline, alikozaliwa, mnamo 1883. Fedha za wakfu wake zilisaidia kujenga hata McMillan, Nairobi, iliyofunguliwa 1931. Lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuazima kitabu humo. Kumbe jengo peke yake halimfaidi msomaji!

Waskoti wenyewe wasijipigie makofi mno. Halmashauri zinazobana matumizi zimefunga baadhi ya maktaba, na si kila shule ina mkutubi.

Na sisi je? Kaunti zetu hupenda sana kukata utepe. Swali langu ni hili: baada ya utepe, ni nani ameajiriwa kumwambia mtoto, "Hebu jaribu hiki"? 'Mkutubi' linatokana na 'kutub', yaani vitabu kwa Kiarabu. Vitabu tumemkabidhi, sasa tumkabidhi wasomaji.