Vikanyagio Visivyokunjika na Tope la Mbuga

Kile kipande cha video cha pikipiki kulala topeni kimeshapita kwenye simu zenu, na vijiweni kuanzia Somanda hadi Dutwa mmekicheka mpaka basi. Mimi nimekitazama kama mwamuzi anavyotazama marudio ya penalti, na kila nikikirudia naona jambo lilelile. Tope liliilaza pikipiki, sawa. Lakini kilichoivunja ni uamuzi uliofanyika gereji mchana kweupe, siku nyingi kabla ya mvua kunyesha.

Turudishe nyuma kidogo. Pikipiki ya spoti, nyekundu, imeegeshwa nje ya ghala la pamba, msimu wa ununuzi ndio kwanza unaanza, na mvua za mwisho za Mei hazijakubali kuondoka. Ardhi pale ni mbuga nyeusi, ile ambayo ikikauka hupasuka nyufa za kuingiza kiganja na ikilowa haishiki kitu. Ncha ya stendi ya upande ni ndogo, inazama. Hakuna mtu juu ya siti, injini imezimwa, mwendo ni sifuri. Pikipiki inaanza kuinama kushoto taratibu, kiasi kwamba aliyekuwa anarekodi bado anacheka. Sasa simamisheni picha hapo.

Kinachogusa ardhi kwanza si usukani wala tangi, ni kikanyagio cha kushoto. Kimegusa, kimepenya tope la juu, kimekutana na ardhi ngumu ya chini, kikasimama wima kama kilivyo. Uzito wa pikipiki ya kilo 140 hivi ukaelemea juu yake. Kikanyagio cha kiwandani kingekunjika kuelekea juu na nyuma, kwa sababu kina pini na springi kwa kazi hiyohiyo, na pikipiki ingelala juu ya ncha ya usukani na ubavu wa injini. Hasara ingekuwa mikwaruzo na pengine klachi iliyopinda. Hiki, kilichofungwa gereji badala ya kile, hakikukunjika. Nguvu ikapita moja kwa moja hadi kwenye bamba la aluminiamu linalokishika, ikaenda kutafuta mahali pembamba kuliko pote, yaani tundu la bolti ya juu, na pale likakatika.

Halafu angalieni kilichoanguka pamoja na bamba: mkono wa gia. Hapo ndipo watu wanapocheka, na mimi ndipo hasira zinaponipanda. Katika seti za vikanyagio za mtindo wa mashindano, kama iliyofungwa hapa, kikanyagio na mkono wa gia hukaa kwenye bamba moja. Ukipoteza kimoja umepoteza vyote. Kwenye pikipiki zetu za kawaida za bodaboda mkono wa gia umefungwa kwenye shafti inayotoka ndani ya injini, kwa hiyo hata kikanyagio kikikatika utaning'iniza mguu, utaingiza gia kwa kisigino, utafika nyumbani umechoka lakini umefika. Kijana mwenye pikipiki hii alirudi mjini kwenye kirikuu, pikipiki imefungwa kamba nyuma.

Niseme kwa haki: kazi ya kufunga bamba ilikuwa safi, bolti zimekazwa kwa kipimo na mikono ya gia na breki haikuwa imelegea.

Kwa hiyo lawama haiko kwenye spana, iko kwenye uchaguzi. Fundi aliyeifunga seti ile, kwa maelezo yake mwenyewe pale kijiweni, alimwekea kijana aina mbili mezani. Moja ilikuwa ya kukunja, yenye springi, nzito kidogo, rangi ya kijivu isiyovutia macho. Ya pili ilikuwa kipande kimoja, isiyokunjika, imechongwa kwa mashine, nyepesi, inang'aa. Mteja akatoa simu, akaonyesha picha ya pikipiki ya mashindano, akasema anataka kama ile. Fundi akanyamaza, akafunga. Tena vile vya kiwandani, vizima kabisa, vikaenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu wiki hiyohiyo! Nimekaa nalitafakari jambo hili na bado sipati upande wake wa kuutetea. Mtu anaweza kukosea kwa kukosa fedha, au kwa kukosa kipuri. Hapa vyote viwili vilikuwepo, na bei, naambiwa, zilikaribiana.

Hoja ya picha ya mashindano ndiyo inayoniudhi zaidi, maana naisikia kila siku. Ni kweli, pikipiki za uwanjani hufungwa vikanyagio visivyokunjika. Lakini ulizeni kwa nini zinaweza. Uwanja wa mbio una lami safi, na pembeni ya lami kuna changarawe iliyowekwa kwa ajili ya wanaoanguka. Dereva akila mzinga, mafundi wanamsubiri na bamba la akiba, wakati mwingine na pikipiki nzima ya akiba. Kikanyagio kikikatika hubadilishwa kabla chai haijapoa. Sisi bamba la akiba liko Kariakoo, na linakuja kwa basi, kama halikuagizwa ng'ambo kwanza.

Na kama ni mabingwa, basi tuwataje wale wa kweli. Mick Doohan wa Australia alivunjika mguu wa kulia Assen, Uholanzi, mwaka 1992, nusura ukatwe. Aliporudi, kifundo hakikuwa na uwezo tena wa kukanyaga breki ya nyuma vizuri kwenye kona za kulia, pale pikipiki inapolala na nafasi ya mguu inapotea. Hawakumbadilishia kikanyagio kipendeze. Walihamisha breki ya nyuma ikaenda kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto. Ilikuwa kazi ya kihandisi iliyoanzia kwenye mwili wa mtu na kona anazozikata, ikaishia kwenye chuma. Akachukua ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 500 mara tano mfululizo, 1994 hadi 1998. Huyo ndiye aliyehamisha breki kutoka mguuni kwa sababu. Vijana wa leo wanaanzia kwenye rangi ya chuma, mwili ndio unalazimishwa kufuata.

Tena tunachagua mashindano yasiyotuhusu. Barabara za mkoa wetu wa Simiyu hazifanani na Assen, zinafanana na njia za mbio za Dakar. Cyril Neveu alishinda ile ya kwanza mwaka 1979 juu ya Yamaha XT500, injini ya silinda moja, hakuna madoido. Stéphane Peterhansel akaja kushinda mara sita kwa pikipiki kati ya 1991 na 1998. Tazameni miguu ya pikipiki za mbio hizo mpaka leo: vikanyagio vipana, vya chuma, vina meno ya kushika kiatu chenye tope, na vinakunjika. Watu wanaoanguka mchangani mamia ya kilomita kutoka gereji hawajawahi kuona fahari katika kikanyagio kigumu.

Wala si lazima twende mbali hivyo. Bwana shamba wa zamani, wa enzi hizo Bariadi ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga, alikuja vijijini juu ya Yamaha DT au Honda XL. Alipita kwenye majaruba, akavuka mto Simiyu maji yakiwa chini, akaanguka, akainuka. Vikanyagio vyake vilikuwa vya chuma chenye meno, vinajikunja vikigonga kisiki na kurudi vyenyewe. Pikipiki zile zilizeeka, zikabadilishiwa pistoni na minyororo, vikanyagio vikabaki vilevile vya tangu kiwandani. Hakuna aliyewahi kuviandika katika taarifa ya mwaka, kwa sababu havikusumbua mtu.

Kuna na jambo la chuma chenyewe, ambalo mafundi wetu wanalijua lakini hawalisemi mbele ya mteja mwenye pesa. Bamba la chuma cha kawaida likipinda, utaliweka juu ya reli, utaligonga kwa nyundo, litanyooka. Likipasuka, mchomeleaji yeyote wa Lagangabilili au Mwanhuzi ataliunga kwa mashine ya vijiti na maisha yataendelea. Aluminiamu haitaki hivyo. Inapasuka bila kukuonya kwa kupinda kwanza, na kuiunga kunahitaji mashine ya gesi ya argoni na mkono uliofundishwa. Hata ikiungwa vizuri, aluminiamu ile iliyopikwa kiwandani ipate ugumu hupoteza karibu nusu ya nguvu zake pale joto lilipopita. Kwa hiyo msijaribu kuliunga bamba lile. Nimesikia kuna aliyejitolea, tena kwa gundi ya chuma! Ng'wanawane, acha.

Sasa faida yenyewe. Wanaotetea seti hizi husema zinainua miguu, pikipiki inalala zaidi kwenye kona bila kikanyagio kukwaruza lami. Tupige hesabu. Chukua kikanyagio ambacho ncha yake iko sentimita 30 juu ya ardhi na sentimita 30 kutoka katikati ya pikipiki. Kitagusa lami ukilala digrii 45 hivi. Ukikiinua milimita 25, ambacho ni kiwango cha kawaida cha seti hizi, utafika digrii 47. Umenunua digrii 2. Wale wa MotoGP hulala zaidi ya digrii 60, hao digrii 2 zina maana kwao. Kwenye lami yetu ya kutoka Lamadi hadi Bariadi, kilomita 70 na ushei zinazokata tambarare, nitajieni kona moja inayotaka digrii 45. Tangu mkoa huu uanzishwe mwaka 2012 lami imetufikia, na ndiyo iliyoleta pikipiki za spoti, nami sina ugomvi nazo. Lakini lami ile imenyooka. Na ukitoka nje yake kuelekea Nkololo unahitaji kusimama juu ya vikanyagio, magoti yakifanya kazi ya shokomzoba, jambo ambalo vikanyagio vya juu na nyuma vinalifanya liwe gumu. Kijana mwenyewe ni mrefu. Kwenye ile video ya kwanza, ya kuonyesha pikipiki mpya, magoti yake yalikuwa yanakaribia viwiko.

Wasomaji wa zamani mnajua nilivyoandika juu ya gadi za nondo na mkanitukana. Nasema tena, ni ugonjwa uleule. Bodaboda anakata kikanyagio cha abiria, anachomelea nondo ndefu isiyokunjika ili ibebe mshikaki, watu watatu ambao sheria haiwaruhusu, na nondo ile ndiyo inayochana muundi wa mpita njia sokoni. Bado sijasahau pia taa za kumetameta na ekzosi zilizotobolewa. Kila kitu kinaongezwa ili kionekane au kisikike. Tairi limekwisha, hakuna anayelitazama.

Limebaki la swichi ya breki, ambalo video haikulionyesha na ndiyo maana hakuna aliyelisema. Kwenye pikipiki ile taa ya breki ya nyuma huwashwa na swichi ndogo inayovutwa na springi nyembamba kutoka kwenye pedeli. Pedeli ya seti mpya haina pa kuipachika springi hiyo. Fundi aliziviringisha nyaya kwa selotepu, akazificha nyuma ya ubavu, basi. Taa sasa inawaka kwa breki ya mbele pekee. Na madereva wetu mnawajua, wanaiogopa breki ya mbele tangu walipojifunza, wanasimama kwa mguu. Maana yake pikipiki ile inapunguza mwendo jioni, kwenye vumbi la malori ya pamba, na anayefuata nyuma haoni chochote. Dawa yake ipo: swichi inayofungwa kwenye bolti ya mpira wa mafuta ya breki na kuwashwa na msukumo wa mafuta, haihitaji springi wala pedeli. Au kipande cha bati chenye tundu, kazi ya nusu saa.

Mtu akiniuliza kama afunge au asifunge, sikatai moja kwa moja. Kama vya kiwandani vimevunjika na havipatikani, au kama umbo lako linadai vihamishwe sentimita moja mbili, funga. Chukua vya kukunja, hakikisha kipande cha kukanyagia kinanunulika peke yake bila bamba, na angalia pedeli ya breki iwe na uhuru kidogo kabla haijaanza kusukuma masta silinda, la sivyo breki itajishika yenyewe ikipata moto. Vya kiwandani usiuze.

Bamba la kushoto linasubiriwa kutoka Dar es Salaam, aina ileile, isiyokunjika, nasikia safari hii kwa rangi ya dhahabu. Pikipiki iko gereji imeegemezwa ukutani na mwenyewe anatembea kwa miguu. Fundi, muda unao. Irudishe taa ya breki kabla hajaja kuichukua.