"Maudhi madogomadogo" kwa nani? Mwongozo wa sonona ukisomwa Musoma

Kwenye kliniki zetu kuna msemo uliozoeleka: "maudhi madogomadogo ya dawa". Utausikia kwenye uzazi wa mpango, kwenye dawa za kufubaza VVU, na kwenye dawa za sonona pia. Swali letu leo ni moja tu: madogo kwa nani?

Tumesoma upya sehemu ya sonona kwenye mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani (WHO), toleo la pili la mwaka 2016. Umeandikwa kwa ajili ya mtoa huduma asiye bingwa wa magonjwa ya akili, na kwa kazi hiyo ni mzuri kweli. Unachagua dawa mbili, amitriptilini na fluoksetini, unataja dozi ya kuanzia na unaonya nani asipewe. Kasoro yake iko kwenye jedwali la madhara. Linaorodhesha kinachotokea mwilini, lakini haliulizi mwenye mwili huo anafanya kazi gani na saa ngapi.

Chukua amitriptilini. Mwongozo unasema anza na miligramu 25 wakati wa kulala. Sababu ipo: dawa hii inaziba vipokezi vya histamini kwenye ubongo, na histamini ni mojawapo ya kemikali zinazotuweka macho. Ikizibwa, usingizi unakuja. Kwa anayelala usiku, hiyo ni nafuu.

Sasa ipeleke Musoma, kwa mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi hupumzika. Kwa hiyo "wakati wa kulala" wake ni asubuhi kwa siku nyingi za mwezi, halafu unahamia usiku, halafu unarudi. Kipakiti kikiandikwa "1x1 usiku" naye akatii, atasinzia mtumbwini katikati ya ziwa. Hapo neno "madogo" linatoka wapi?

Dawa hiyohiyo hulegeza mishipa ya damu, hivyo ukisimama ghafla presha inashuka na unapata kizunguzungu. Kwenye jedwali hilo ni maneno machache tu. Kwa mkulima wa Butiama anayeinama na kuinuka na jembe juani, tena hajanywa maji ya kutosha, ni kuanguka. Kuona ukungu nako ni maneno machache tu, ila kwa bodaboda wa Bunda, kwenye barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, kuna abiria nyuma yake.

Halafu kuna malaria, ambayo Kanda ya Ziwa haihitaji kutambulishwa. Amitriptilini inaweza kuvuruga umeme wa moyo, na dawa mseto ya ALu nayo ina tahadhari ya aina hiyo. Zaidi ya hapo, lumefantrini iliyomo kwenye ALu inaweza kupunguza kasi ya ini kuivunja amitriptilini. Kwa hiyo ukienda kupima malaria, taja dawa zote unazotumia. Usisubiri kuulizwa.

Mtu atasema mwongozo wa dunia nzima hauwezi kuandikia kila mwalo. Ni kweli. Lakini ungeweza kuweka swali moja juu ya jedwali: "Siku yako inaendaje, kuanzia unapoamka?" Swali hilo halina gharama, na lingebadilisha saa ya kumeza, pengine hata dawa yenyewe.

Kwa nini tunang'ang'ania? Kwa sababu maudhi huja siku za kwanza, wakati nafuu ya sonona huchukua wiki kadhaa. Mara nyingi 4 hadi 6. Katikati hapo mgonjwa anapata hasara tupu. Ukimwambia "ni madogo, vumilia", ataona ama dawa ni sumu ama yeye ni dhaifu, ataiacha kimyakimya. Na kuacha ghafla kuna shida zake: kichefuchefu, kukosa usingizi, na sonona kurudi. Mwongozo unataka dozi ipunguzwe taratibu, kwa wiki 4 au zaidi.

Mengi yanadhibitika. Mdomo mkavu na choo kigumu: maji, matunda, mboga za majani. Kizunguzungu: kaa kwanza kitandani, ndipo usimame. Fluoksetini ikikunyima usingizi, huwa inamezwa asubuhi; ikileta kichefuchefu, imeze na chakula, na mara nyingi hupungua baada ya wiki moja au mbili. Pombe, gongo ikiwemo, huzidisha usingizi wa amitriptilini. Hamu au nguvu ya tendo la ndoa ikipungua, sema. Hilo limo kwenye jedwali kwa dawa zote mbili, na mtoa huduma anaweza kubadilisha dozi au dawa. Ukinyamaza, utaishia kwa muuza mitishamba.

Mengine si ya kuvumilia hata siku moja: kushindwa kukojoa, kuzimia, mapigo ya moyo kwenda ovyo, mawazo ya kujiua, au uchangamfu wa ghafla usio na usingizi. Hapo ni kituo cha afya, leo hii.

Na wewe unayesomea utabibu au uuguzi, utakapokuwa na kalamu mkononi, muulize mvuvi ratiba yake kwanza. Kisha andika kwenye kipakiti: "Kidonge 1, ukisharudi kuvua, kabla ya kulala."