Fundi wa Jumamosi

Watu wakitoka kwenye mafunzo ya wingu husimulia habari za msemaji. Mimi huuliza nani aliandaa. Msemaji hodari yuko YouTube usiku na mchana. Unamsimamisha, unamrudisha nyuma, wala hakasiriki. Mratibu humpati huko. Yuko chumbani, mara nyingi amechuchumaa karibu na soketi, na kazi yake ikienda sawasawa hakuna anayejua kama imefanyika.

Nazungumzia zile Jumamosi ambazo madevelopa ishirini au thelathini hukutana na laptopu zao kujifunza kuendesha programu kwenye seva za kukodi zilizoko mbali, hizo tunazoziita wingu. Miji mikubwa imeshazoea. Nairobi ilipata iHub, kituo cha watu wa teknolojia, mwaka 2010. Dar es Salaam kuna Google Developer Group na siku yake ya DevFest. Novemba 2023 Zanzibar ilipokea DjangoCon Africa ya kwanza, mkutano wa wanaoandika programu kwa Django, na ya pili ikafanyika Arusha Agosti 2025. Bukoba, huku kwetu Kagera, iko pembeni mwa yote hayo. Kwa barabara, Dar es Salaam iko kilomita zipatazo 1,400, na nauli ya kwenda na kurudi pamoja na malazi ni pesa ambayo mwanafunzi angenunulia bando la miezi. Basi mtu wa Bukoba, na wa Muleba ndiyo zaidi, akitaka kujifunza pamoja na wenzake, lazima apatikane mtu wa kuiandaa Jumamosi hapahapa.

Nimemwangalia mmoja wao kazini. Jina lake halina haja, maana hata yeye husahau kuliandika kwenye ratiba.

Kazi yake inaanza na umbali. Wengi huja wakidhani wingu halina mahali. Lina mahali, tena lina uzio na mlinzi getini. Amazon ilipotoa EC2, huduma yake ya kukodisha mashine, Agosti 2006, sehemu kubwa ya huduma hiyo ilikuwa imetengenezwa na timu ndogo ya wahandisi waliokaa Cape Town chini ya Chris Pinkham. Kitu kikatengenezwa Afrika, seva zikawekwa kwa wenzetu, na Cape Town yenyewe ikangoja hadi Aprili 2020 kupata kituo cha seva za Amazon. Microsoft walikuwa wamekwisha kufungua vyao Afrika Kusini Machi 2019. Google walifika Johannesburg Januari 2024. Kabla ya vituo hivyo, developa wa Bukoba akibonyeza kitufe, ombi lake mara nyingi lilikwenda Ireland au Frankfurt ndipo jibu lirudi mtaani kwake Kashai.

Mratibu hasimulii haya kwa slaidi. Anawaambia watu wafungue terminali, wapime muda ambao ombi linachukua kwenda na kurudi Cape Town, kisha Ireland, halafu kila mmoja aje aandike namba yake ubaoni. Ubao unajaa. Kisha anachukua chaki na kupiga hesabu mbele yao: kutoka Bukoba hadi Cape Town ni kama kilomita 3,900 ukikata moja kwa moja, na mwanga ndani ya nyuzi za mkongo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo hata mkongo ungenyooka kama rula, kwenda na kurudi kungekula karibu milisekunde 40. Namba za ubaoni zote ni kubwa kuliko hiyo. Ziada imetoka wapi? Anawaacha wabishane. Mmoja anataja mkongo wa taifa, mwingine anataja bahari, wa tatu anailaumu kampuni ya simu. Wote wana haki kidogo.

Hapo ndipo anapowakumbusha tarehe 12 Mei 2024, siku mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika upande wa kusini mwa Afrika na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya sana. Waliokuwa wameweka kila kitu ng'ambo bila nakala nyumbani wanaikumbuka vizuri. Na kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, ikiwa na masharti yake kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, swali la seva iko wapi limekuwa pia swali la kisheria. Yote hayo yametoka kwenye namba za ubaoni. Nimekaa kwenye mihadhara ya saa mbili isiyofika nusu ya pale.

Sasa uzito. Mafunzo ya siku hizi hupenda kontena, yaani programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji. Kontena kamili ya Python ni mamia ya megabaiti kuipakua. Ile nyembamba ni makumi tu. Watu ishirini wakipakua ile nene kwa pamoja kupitia simu moja iliyowashwa hotspoti, saa nne asubuhi itageuka saa saba mchana, na wanaanza kuangalia saa za Hiace. Nimeona mafunzo, mahali fulani ambapo sitapataja, yakifa hivyo: msemaji alitoka mbali, slaidi nzuri, chakula kizuri, na ule mstari wa kupakua umesimama asilimia kumi na mbili.

Fundi wetu hupakua kila kitu mapema, usiku, wakati bando ni rahisi. Anachagua ile nyembamba. Anaiweka kwenye laptopu yake na kuigeuza ghala dogo, kisha Jumamosi anawasha ruta ya bei poa isiyo na intaneti hata tone. Watu wanaunganishwa na ruta hiyo na kuchukua kila kitu kutoka kwake, kwa kasi ambayo hakuna bando linaloitoa. Maktaba za Python amezipakua zote kwenye folda moja, pamoja na zile ndogondogo ambazo maktaba kubwa huzivuta kimyakimya. Kwa mazoezi ya kuhifadhi faili anatumia LocalStack, programu inayoiga huduma za Amazon ndani ya kompyuta yako mwenyewe, hivyo mtu anafanya kosa lake hapo, anafuta, anarudia, bila kulipa senti na bila kufika Cape Town. Na endapo ruta itagoma, mfukoni ana fleshi tano, kila moja imebandikwa plasta yenye namba. Namba ni za kujua nani amechukua ipi. Fleshi, kama kalamu, hazirudi zenyewe.

Kuna umeme pia. Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba ulivuka mpaka kutoka Uganda, upande wa Masaka, hadi kituo cha Kyaka, kwa hiyo sisi tulikuwa na haki ya kulalamikia mgao wa kimataifa. Mratibu halalamiki. Anasimama mlangoni na kusalimia kila anayeingia, na baada ya salamu anauliza swali moja: "Betri yako inakaa?" Nilidhani ni mazungumzo tu. Kumbe anapanga viti. Wenye betri zilizokufa anawaelekeza ukutani kwenye soketi, wenye laptopu mpya anawaweka katikati, na kati ya kila wageni wawili au watatu anamchomeka mtu anayejua. Chumba kinapojaa, waya hazikatizi njia, na hakuna anayejifunza peke yake.

Hilo la kuwachanganya watu lina historia. Django Girls, vuguvugu la kuwafundisha wanawake programu lililoanzia Berlin mwaka 2014, huwahimiza waandaaji wawe na mkufunzi mmoja kwa kila wanafunzi watatu. Ni uwiano ghali, na ndiyo sababu wengi huuvunja. Mwongozo wao una busara nyingine ninayoipenda: somo la kupandisha tovuti linatumia PythonAnywhere, ambako akaunti ya bure haidai kadi ya benki. Anayeishi katika mji mkubwa anaweza asione uzito wake. Lakini makampuni makubwa ya wingu kwa kawaida hutaka kadi kabla hujagusa chochote, na mwanafunzi wa Kamachumu hana kadi. Ana laini ya simu. Kadi za kidijitali za mitandao ya simu zimesaidia, ila si za kuanzia siku ya kwanza mbele ya darasa zima. Fundi anayejua watu wake huanza pasipo na kadi, na suala la kadi analiacha kwa wale watakaorudi.

Nayasimulia yote haya kwa sababu ujuzi wa kufanya kwa mikono ukikosa wa kuukusanya, unapotea. Kagera inalijua hilo. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya, waliokuwa wameacha kuyeyusha chuma kwa miongo kadhaa, walikusanyika na kujenga tanuri upya kwa kumbukumbu, mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery. Mwaka 1978 watafiti hao walichapisha habari zake katika jarida la Science: chuma cha pua kilikuwa kikitengenezwa ukanda huu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Inafurahisha kusoma. Inasikitisha kidogo kwamba ilibidi aje mgeni ndipo wazee waitwe kikao.

Nirudi chumbani. Kipimo changu cha mratibu ni mfano anaouchagua. Mafunzo mengi ya wingu hutumia duka la viatu la mtandaoni au orodha ya filamu, vitu vilivyonakiliwa kutoka kwenye nyaraka za Marekani. Huyu alitumia kahawa ya maganda. Mkulima anafika kwenye chama cha msingi na gunia, gunia linapimwa, programu inapokea namba ya mkulima na kilo, inaandika rekodi, inatoa stakabadhi. Basi. Kila mtu chumbani amewahi kuona mizani hiyo, na nusu yao wamesikia nyumbani ugomvi wa kilo zilizopungua au wa kahawa iliyouzwa butura ikiwa bado mtini. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini rekodi isibadilike baada ya kuandikwa, au kwa nini ombi likitumwa mara mbili kwa sababu ya mtandao mbovu, kilo zisihesabiwe mara mbili. Hilo la pili ni gumu, huwatoa jasho hata wahandisi wenye mishahara minono. Pale lilieleweka kwa dakika kumi.

Alikuwepo mzee mmoja mwenye umri wa baba wa mratibu, mwalimu mstaafu, amekuja na daftari badala ya laptopu. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, waitu, hiyo seva ya mbali ikizimika, kilo zangu zinakwenda wapi?"

"Hilo ndilo zoezi la mchana, mzee wangu."

Na kweli lilikuwa zoezi la mchana. Baada ya chakula mratibu alikata mtandao kusudi, programu za watu zikiwa zinaendelea, akawaacha wahangaike. Waliokuwa wameandika rekodi kwanza kwenye kompyuta na kuituma baadaye walisalimika. Waliotegemea wingu moja kwa moja walipoteza magunia. Mzee aliandika kitu kwenye daftari na kukipigia mstari.

Wale wa Muleba, kilomita kama 70 kusini, hufika wamechelewa, kwani gari haliondoki mpaka lijae. Anajua, kwa hiyo saa ya kwanza anaiweka kwenye jambo ambalo mchelewaji anaweza kulidaka kwa jirani. Hawasubiri, wala hawaaibishi.

Robo saa ya mwisho ndiyo inayonifanya nimvulie kofia. Kwa wale wachache waliofungua akaunti halisi kwa kadi, somo la mwisho ni kufuta. Anasimama nyuma ya kila mmoja, wanafuta pamoja: mashine, diski iliyobaki baada ya mashine kufutwa, nakala za diski, anwani za IP. Anwani za umma za IPv4 Amazon ilianza kuzitoza zote Februari 2024, dola 0.005 kwa saa, yaani kama dola 3.6 kwa mwezi kwa anwani moja ambayo hata huitumii. Kisha wanaweka kengele ya bajeti itakayotuma barua pepe gharama ikizidi dola moja. Haonyeshi kwenye projekta na kusema "mkifika nyumbani mfanye hivi". Anasubiri aone skrini ya kila mtu imebaki tupu. Mwanafunzi mmoja alitaka kuondoka mapema, gari linamsubiri. Mratibu akamshika mkono kwa upole, wakafuta diski moja iliyosahaulika, ndipo akamwachia. Waratibu wengi hupenda siku ifungwe kwa picha ya pamoja. Hapa picha ilipigwa baadaye, na wengine walikuwa wamekwisha kuondoka.

Ninyi wenye vyumba mnisikilize. Bukoba na Muleba zina vyuo vyenye maabara za kompyuta, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaleta kampasi yake Itahwa, Karabagaine. Jumamosi nyingi maabara za namna hii huwa zimefungwa kwa kufuli. Mtu huyu na wenzake hawaombi posho, na chai watachangishana wenyewe. Wapeni ufunguo tangu Ijumaa jioni, ili wapate muda wa kujaribu soketi.