"Chanzo Wazi" na "Kuchangia": Uhakiki wa Istilahi Mbili

Katika tafsiri zinazohusu kompyuta, istilahi "chanzo wazi" imeanza kushika mizizi. Hutumiwa kuitaja programu ambayo leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuusoma msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa na watungaji wake, kuunakili, kuubadilisha na kuusambaza. Tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo haitoshelezi, na kwamba upungufu wake unawaweka kando watu wanaohitajiwa na kazi yenyewe.

Tuanze na "wazi". Neno hili linaeleza kuonekana tu. Kule Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, dagaa huanikwa ufukoni mahali pa wazi. Kila mpita njia huwaona, lakini hana ruhusa ya kuwageuza, sembuse kuwachukua. Manispaa ya Kigoma/Ujiji nayo iliteuliwa mwaka 2016 kushiriki katika mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, ambao Tanzania ilijitoa mwaka uliofuata. Hatudhani kwamba kuna mwananchi wa Ujiji aliyelielewa neno "uwazi" kuwa ni ruhusa ya kuyafuta mahesabu ya halmashauri na kuyaandika upya. Lakini programu tunazozungumzia huruhusu jambo hilo hasa. "Chanzo" nalo limezoeleka katika chanzo cha mto au chanzo cha ugomvi. Kwa hiyo msomaji asiyeelezwa hudhani kwamba linalotajwa ni asili ya programu, wala si maandishi yake.

Neno "huria" lina sifa bora zaidi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na wananchi walifahamu kwamba mlango wa elimu umefunguliwa ili wauingie, si ili wautazame. Yapo mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba "soko huria" limelipa neno hili harufu ya biashara. Jibu letu ni kwamba neno hupata maana kutokana na jirani yake. La pili ni kwamba harakati aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1983 inatofautiana kwa shabaha na ile iliyojipatia jina lake mwaka 1998. Hilo ni kweli. Pale tofauti hiyo inapohitajika, mfasiri aandike "programu huru" kwa ile ya kwanza na "programu huria" kwa ile ya pili. Kiswahili kina bahati ya kutenganisha "huru" na "bure".

Istilahi ya pili ni "kuchangia". Katika ofisi na mitaa yetu, mchango kwanza ni fedha: mchango wa harusi, mchango wa madawati. Mwalimu wa Ujiji akisoma "Changia mradi huu" huenda akafunga ukurasa akidhani anaombwa shilingi, ilhali anaombwa ajuzi wake wa lugha. Mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, ulidhihirisha kwamba kazi ya namna hiyo huhitaji watu wa lugha kama inavyohitaji mafundi. Wasipojitokeza, maneno yatakayosomwa Ujiji, na hata Uvira na Kalemie ng'ambo ya ziwa, yatachaguliwa na wachache wasiosikia jinsi yanavyotamkwa huko.

Kwa maoni yetu, basi, programu yenyewe iitwe "programu huria", na maandishi yake "msimbo chanzo". Mahali pa "changia", mfasiri aitaje kazi inayotakiwa: tafsiri, sahihisha, toa taarifa ya hitilafu, andika maelezo. "Changia" ibaki kwa fedha.

Sisi wa istilahi nasi hatuna budi kujihoji. Tumezoea kuchapisha orodha zilizokwisha kusanifiwa na kuwapa wasomaji wazitumie. Yaani orodha zetu ni za wazi, lakini si huria. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wayasahihishe mapendekezo haya kabla hayajazoeleka.